Mkataba wa kaboni unamfunga nani mkono?

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Wazungu wananunua hewa, watu waliambiana minadani, na kila aliyesikia aliuliza wataipakia kwenye gunia gani. Kicheko hicho kimeisha. Kutoka bonde la Yaeda hadi Longido na Monduli, na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, huko Isiolo na Samburu, mikataba ya kaboni, ambayo kampuni za mbali hulipia miti na udongo vihifadhi hewa ya ukaa, imekuwa ajenda ya mikutano ya vijiji, imeingiza fedha kwenye akaunti za vijiji, imegawa koo na imefika mahakamani. Walioko mbali wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema hatimaye mfugaji na mwindaji wamepata zao la kuuza bila kuchinja wala kulima. Ya pili inasema huu ni ukoloni uliobadilisha shati. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zimemshika ng'ombe mkia. Zinabishana kuhusu bei ya hewa, na kinachouzwa si hewa. Kinachouzwa ni uamuzi: nani alime, nani achunge, ahame lini na aende wapi. Ndiyo maana mikataba miwili yenye maneno yanayofanana inaweza kuokoa maisha ya jamii moja na kuyavuruga ya jamii jirani. Swali la kwanza liwe ni mkono wa nani unaofungwa.

Tuanze Yaeda, kwa sababu hadithi yake inanukuliwa sana na kueleweka kidogo. Wahadzabe ni watu kama elfu moja na mia tatu hivi, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu na maeneo ya jirani. Lugha yao ya vidoko haina ndugu anayejulikana. Maisha yao ni upinde, mizizi ya kuchimba, ubuyu, matunda ya porini na asali, ambayo mara nyingi huipata kwa kumfuata ndege mlembe anayewaita kutoka mti hadi mti. Kwa karibu karne nzima kila aliyewafikia alitaka kuwabadilisha. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya kwenye makazi ya kudumu wakalime. Maradhi yalizuka, na wengi walirudi porini. Lakini kilichowabana zaidi ya amri ya serikali ni jembe la jirani. Mashamba ya mahindi yalipanda kutoka nyanda za juu za Mbulu, mashamba ya vitunguu yalienea upande wa Mang'ola, na mifugo ya Wadatoga ilifuata maji. Mti wenye mzinga wa nyuki ukikatwa, Mhadzabe hana pa kushtaki, maana hakuwahi kuwa na shamba, na katika mawazo ya maofisa wengi ardhi isiyo na shamba ni ardhi isiyo na mwenyewe.

Mwaka 2011 jambo hilo lilibadilika kwa kipande cha karatasi. Kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, Wahadzabe wa Mongo wa Mono na Domanga walipata hati miliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta elfu ishirini. Hati ya aina hiyo ilikuwa imezoeleka kama karatasi ya mtu na kishamba chake. Safari hii ilitolewa kwa jamii, kwa ajili ya kuwinda na kukusanya. Biashara ya kaboni ilikuja juu ya hati hiyo. Mantiki yake ni nyepesi: msitu ukibaki umesimama badala ya kufyekwa kwa ajili ya mahindi, kaboni inabaki kwenye miti, na kampuni ya mbali inalipia tofauti hiyo. Fedha zimekwenda kwenye ada za shule, matibabu, na posho za walinzi wa kijiji wanaozunguka porini kutafuta mashamba mapya na miti iliyoangushwa.

Mkataba huo unakataza kufyeka na kulima. Nani alikuwa anafyeka na kulima? Si Mhadzabe. Mkono uliofungwa ni wa mvamizi. Mhadzabe anaendelea kuchimba mizizi yake na kurina asali yake kama jana, ila sasa kuna mlinzi anayelipwa kumwambia mgeni arudi alikotoka. Kwa hiyo wanaosema kaboni imewageuza Wahadzabe kuwa vibarua wa wazungu hawajaenda kuangalia. Vinavyobadilisha maisha ya Wahadzabe kwa kasi ni unga wa mahindi, gongo, na magari ya watalii yanayofika alfajiri kuona uwindaji kabla ya kifungua kinywa. Mtalii anamlipa kijana aoneshe kuwinda. Kijana akishapewa pesa hana haraka ya kuwinda kweli. Hilo halina mkataba wala mkaguzi, na sijaona maandamano dhidi yake.

Sasa vuka uende kwenye nyasi, ambako kinachopimwa ni udongo badala ya miti. Nadharia inasema nyasi zikipumzishwa na kuliwa kwa mpangilio, mizizi inashuka zaidi, na udongo unahifadhi kaboni nyingi. Ili hilo litokee, eneo la malisho linagawanywa vipande, ng'ombe wanaingia kipande kimoja kwa muda mfupi, wanahamia kingine, cha kwanza kinapumzika. Mradi mkubwa wa namna hii, ule wa nyanda za kaskazini mwa Kenya chini ya mwavuli wa NRT (Northern Rangelands Trust, shirika linalounganisha hifadhi za jamii), ulianza kuhesabu kaboni yake mwaka 2013, unagusa karibu hekta milioni mbili za Waborana, Wasamburu, Warendille na wengine, na umepangwa kwa miaka 30. Longido na Monduli mikataba ya aina hiyo imeingia miaka ya karibuni, mingine ikitajwa kuwa ya miaka 40. Vijiji kadhaa vilitia sahihi na kupokea malipo ya awali, na wapo Wamaasai waliosimama kudai mambo yasimame kwanza. Hapa mkataba unakataza nini? Unakataza mifugo kukaa au kwenda nje ya ratiba. Na nani anayechunga? Mwenye ardhi mwenyewe. Mkono uliofungwa safari hii ni wake.

Mtetezi wa mradi atasema ratiba hiyo haina ugeni, kwa sababu Wamaasai wamekuwa na alalili tangu enzi za mababu: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili lije kuliwa kiangazi. Wana olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa, na wana ronjo, kambi za muda za vijana na ng'ombe wakubwa. Ni kweli, na ni hoja yenye uzito. Lakini inasahau jambo moja, nalo nililiona siku niliyokaa asubuhi nzima kwenye birika la kunyweshea wilayani Longido pamoja na mzee mmoja. Kabla ya kunisalimia vizuri alikuwa tayari amepasua kinyesi kikavu kwa ncha ya fimbo na kuangalia nyuzi za ndani. Zilikuwa ndefu na ngumu. Nyasi za upande ule, alisema, zimebaki kuni. Kisha simu yake iliita. Mkwe wake alikuwa Gelai, mvua imenyesha, nyasi zinafika kifundoni. Nilidhani ataagiza ng'ombe waondoke siku hiyohiyo. Aliuliza maswali matatu: mvua ilinyesha mara ngapi, nani mwingine ameshafika, na kuna kupe? Akakata simu. "Bado ni maji matupu, mwanangu," aliniambia. "Wakila hizo leo wataharisha. Tusubiri siku sita, atume kijana aangalie tena."

Siku sita. Hakuna ratiba iliyoandikwa Januari inayoweza kujua siku hizo sita. Alalili ina mipaka na ina adhabu kwa anayeivunja, lakini wazee huifungua kwa kuangalia mwaka, si kalenda. Na nyasi ni sehemu tu ya hesabu. Wafugaji wa Ngorongoro na Simanjiro huondoa ng'ombe kwenye mbuga zenye nyasi bora kabisa pale nyumbu wanapozaa, kwa sababu nyumbu hao huambukiza ng'ombe homa inayoua. Waborana wa Waso, huko Isiolo, wana utaratibu wao wa dedha, ambamo wazee huamua eneo la mvua, la kiangazi na la dharura, na hupokea au hukataa maombi ya wageni wanaokimbia ukame. Kisima nacho kina msimamizi wake, aba herega, anayepanga zamu za kunywesha. Hiyo ndiyo mila iliyo hai. Kinachoitwa mila katika makabrasha ya miradi ni ganda lake: mipaka imenakiliwa, uamuzi umehamishiwa ofisini.

Tena si mara ya kwanza. Kumbukumbu yetu ni fupi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1964 Tanganyika ilitunga sheria ya kuendeleza nyanda za malisho, na miaka ya 1970 fedha za Marekani zilijenga Umaasaini vyama vya ranchi, majosho na mabwawa, kwa ahadi kwamba mfugaji akipewa eneo lake na mpango wake ataacha kuhangaika. Ukame ukija, hakuna aliyekaa ndani ya mstari. Fedha zilikoma mwishoni mwa muongo huo. Majosho yalikauka, mabwawa yalijaa tope. Kenya nayo ilitunga sheria ya ranchi za vikundi mwaka 1968. Nyingi za Kajiado zilikuja kugawanywa viwanja viwanja, viwanja vikauzwa, uzio ukafuata, na ng'ombe ambao zamani walipita sasa wanazunguka barabarani. Mara zote mbili wataalamu waliamini kwamba tatizo la nyasi ni mpangilio wa mchungaji. Uchunguzi uliofanywa Turkana na kuchapishwa mwaka 1988 ulitoa jibu tofauti: katika nchi kavu ya namna ile, wingi wa nyasi unaamuliwa na mvua isiyotabirika kuliko idadi ya midomo, na kuhamahama ndiko kunakowaweka watu na mifugo hai. Kwa maneno ya mchungaji: ng'ombe afuate wingu. Ugumu huohuo unaigusa hesabu ya kaboni. Udongo ukiongezeka kaboni baada ya miaka mitatu ya mvua nzuri, nani anaweza kuapa kwamba ni kazi ya ratiba na si ya mvua?

Sitaki nionekane kana kwamba naupigia debe uzururaji wa mifugo. Upande wa pili una hoja, na iliyo na nguvu zaidi ni ya fedha. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Familia iliyobaki na mbuzi sita haina muda wa kusikiliza falsafa ya kuhamahama. Inataka unga, ada na dawa. Watu hao hawajakaa wakisubiri mtu awaletee mabadiliko: Wasamburu wengi wamehamia ngamia, mnyama ambaye babu zao hawakumtegemea, kwa sababu hutoa maziwa kiangazi ng'ombe anapokuwa mifupa. Kama ngamia ni halali, kwa nini kaboni iwe haramu? Pia ni kweli kwamba taasisi za wazee zimechoka. Vijana wenye pikipiki na bunduki hawasubiri tena ruhusa ya dedha, na mathenge, mti vamizi wa miiba, imekula malisho ya maeneo mengi. Mtu akija na fedha za kuwalipa walinzi wa malisho na kuwakutanisha wazee mara kwa mara, anajaza pengo la kweli. Wanaotaka miradi yote ifukuzwe ili wafugaji "waachwe kama walivyo" wanazungumzia watu wa kwenye kalenda za ukutani. Mmaasai aliyepitia sotoka, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, mikataba ya ardhi ya 1904 na 1911, Operesheni Imparnati ya kuwakusanya vijijini na M-Pesa hajawahi kuachwa kama alivyo, na mara nyingi amejibadilisha mwenyewe bila kuambiwa.

Tofauti ya ngamia na mkataba ndiyo hii: ngamia akimshinda anamuuza. Mwaka mbaya anamhamisha. Mkataba wa miaka 40 haubebwi mnadani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia zaidi kutoka kwa watetezi, ni kwamba jamii zilikubali, sahihi zipo. Sahihi za nani? Katika sheria ya Tanzania ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa niaba ya mkutano mkuu, na kila aliyewahi kuhudhuria mkutano huo anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mgeni anafika saa sita, kabrasha liko kwa Kiingereza, muhtasari unasomwa kwa Kiswahili, nusu ya akina mama wanaelewa Kimaasai tu, vijana wako ronjo na ng'ombe, na mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Karatasi ya mahudhurio inazunguka. Baadaye inaambatishwa kama ushahidi wa ridhaa. Kenya imeandika sheria kali zaidi: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Na bado, Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilizokuwa chini ya mwavuli wa NRT zilianzishwa kinyume cha sheria. Mojawapo, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi wa kaboni. Yaani kaboni ilihesabiwa na kuuzwa kwa kampuni kubwa za ng'ambo kutoka kwenye taasisi ambayo mahakama ilikuja kusema msingi wake haukuwa halali. Anayesema "walikubali" aanze kwa kuisoma hukumu hiyo.

Kuna ubishi mwingine ambao sitaukalia sana, wa neno "watu wa asili". Serikali ya Tanzania haijawahi kulipenda; husema Watanzania wote ni wenyeji. Sina ugomvi na hilo kisiasa. Lakini soko la kaboni linawalipa watu kwa sababu ya namna yao ya kuishi, na linawauza kwa picha zao, shuka nyekundu na upinde. Kama ni wa kipekee wakati wa kuuza, wawe wa kipekee pia wakati wa kuulizwa.

Nini kifuate? Kwanza, tuache kuitetea au kuipinga kaboni kwa jumla. Yaeda si Isiolo. Pale ambapo tishio linatoka nje na jamii ina hati yake mkononi kabla ya mnunuzi kufika, mkataba unaweza kuwa uzio mzuri usio na nyaya. Mpangilio wa mambo ni muhimu hapo: hati ilitangulia, ndipo kaboni ikafuata. Vijiji vingi vya wafugaji havina hati ya pamoja ya malisho hata leo, ingawa sheria ya 1999 inairuhusu na sheria ya maeneo ya malisho ya 2010 inaitambua ardhi hiyo. Inawezekana. Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao katika mpango mmoja wa matumizi ya ardhi uitwao OLENGAPA, kwa sababu ng'ombe wao hawajui mpaka wa kijiji. Kijiji kisicho na hati kikitia sahihi mkataba wa miaka 40, kampuni inakuwa na karatasi yenye nguvu kuliko ya mwenye ardhi.

Pili, tugombanie kifungu cha ukame badala ya asilimia peke yake. Sheria ya Kenya ya 2023 imeweka kwamba miradi ya ardhini ipeleke kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na wanasiasa wameishika namba hiyo kana kwamba imemaliza maneno. Haijamaliza. Asilimia 40 au 60, fedha hizo zikikatwa mwaka ambao ng'ombe walitoka nje ya ratiba kwa sababu mvua ilinyesha kwingine, basi jamii inaadhibiwa kwa kufanya kitu pekee kinachowaweka hai, tena katika mwaka ambao haina kingine mfukoni. Kifungu kiseme wazi: wazee wa alalili, au wa dedha, wakitangaza mwaka mbaya, ratiba inalala na malipo hayakatwi. Kiseme pia kwamba jirani anayekimbia ukame atapokelewa, kwa sababu mwaka kesho mkimbizi ni wewe. Na fedha zisiishie kwenye akaunti ya kijiji inayosainiwa na wanaume watatu, wakati maziwa, ambayo ng'ombe wakihamishwa hovyo ndiyo ya kwanza kupungua, ni uchumi wa mama.

Na muda. Nilimuuliza yule mzee wa birikani kama amesikia kuhusu miaka 40. Amesikia. Aliwahesabu kwa vidole layoni, wavulana wachungaji waliokuwa wakinywesha mbele yetu, wa miaka tisa, kumi, kumi na miwili, akasema hao watakuwa wazee siku karatasi itakapokwisha, na katika muda kama huo yeye mwenyewe ameona kiangazi cha kuua mara nne. Simu iliita tena. Ilikuwa Gelai, safari hii alisimama na kusogea pembeni kuipokea.